Fungu la Skola

Majengo, Sumbawanga
Alhamisi jioni

Mwanangu Gaude,

Salamu nikupe za nini, na asubuhi hii tu tumegombania ndoo ya maji? Umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya kabla ya basi la kesho, na nakujua, kuaga kwako ni kuhamia. Basi nimepata nafasi, nimekaa mezani naandika. Barua hii nitaiweka ndani ya mfuko wa maandazi, kwa sababu huo ndio mfuko utakaoufungua wa kwanza, na kwa tumbo lako lilivyo utakuwa hujafika hata Laela. Ukitaka kunigombeza, kondakta hasimamishi gari kwa ajili hiyo. Na kama herufi zitakucheza machoni, kama zilivyokucheza Jumapili kwenye kitabu cha nyimbo, usiseme ni barabara mbaya. Weka chini, usome gari likisimama.

Sitakufundisha kufua wala kupika, wala habari za wanaume. Hayo nimeyasema mpaka mwenyewe nimechoka kujisikia, na yaliyoingia yameingia. Nataka kusema juu ya kichwa chako.

Usijifanye hujui. Siku ile ya mechi ya netiboli ya kuagana, ulipogongana na yule mlinzi mrefu ukaenda chini, nilikuwa nimesimama pembeni na kikapu changu. Ulilala pale muda ambao mimi niliuona mrefu. Ukanyanyuka unacheka, wenzako wakapiga makofi, ukamaliza mechi. Nilipokuuliza nyumbani ukaniambia, "Mama, niko poa, mbona unakuza mambo?" Poa! Tangu siku hiyo unafunga dirisha mchana kweupe eti jua linakuumiza. Maharage umeyatia chumvi mara mbili, ukabisha. Tiketi uliniuliza iko wapi, nikakujibu, ukanywa chai, ukaniuliza tena kwa sauti ile ile. Jumatatu ulitapika nyuma ya choo ukasingizia dagaa wa Kipili, na dagaa hao tulikula sote. Zahanati nilikupeleka mwenyewe, ukamwambia mganga una homa, akakuandikia klorokwini, ukanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Najua kwa nini unaficha. Jumamosi kule Mbeya wanakutazama ukicheza. Ukiwapendeza unapata timu, na timu ile ina ajira ndani yake. Wenzako hapa mtaani wanauza sigara moja moja, wengine wanavusha sukari mpakani Kasesya na kukimbizana na watu wa forodha, wewe umepata mlango. Na ni mimi niliyekuambia kwamba mlango kama huo haufunguki mara mbili. Maneno yangu hayo nimeyajutia wiki nzima.

Sasa nisikilize habari za Skola.

Unamkumbuka. Yule mama mfupi aliyekuwa akikufinya mashavu mpaka unalia, halafu anakupa kipande cha muwa. Tulikuambia alikufa kwa ajali ya mpira, na si uongo, ila hatukukuambia ajali yenyewe ilikuwaje. Mimi na yeye tulianza kazi siku moja katika ghala la shirika la umma la biashara, na ukweli ni kwamba tuliajiriwa kwa sababu ya netiboli. Yeye alikuwa senta, mimi mlinzi na kapteni. Enzi hizo shirika lilikuwa na kila kitu. Tulikuwa na jezi, tulikuwa na lori la kutupeleka kwenye mechi, na tulikuwa na bwana mmoja mnene aliyekaa pembeni na sanduku la huduma ya kwanza mapajani. Bwana yule tulimcheka sana. Ukichechemea kidogo, anapaza sauti, "Wewe, toka nje." Ukishika ubavu, toka nje. Tukamwita Bwana Toka Nje, na tulikuwa tukimkimbia uwanjani ili asituone tukiumia.

Kisha zikaja zile siku za ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya Majengo yakajaa sabuni, redio na mitumba, na shirika letu likawa halina cha kununua wala cha kuuza, kwani kila lilikokwenda lilikuta wafanyabiashara wamekwisha kuwahi. Wakaanza kupunguza watu. Bwana Toka Nje alipunguzwa mapema, na sanduku lake likaondoka, sijui alilichukua nani. Lori likauzwa. Tukabaki sisi na jezi zetu, kila mwezi tukisubiri kuona ni nani anafuata.

Timu hatukuiacha. Kuiacha kungekuwa kukubali kwamba tumekwisha. Tukawa tunacheza kwa yeyote aliyetoa zawadi, tunakwenda kwa miguu, tumevaa raba za mitumba. Zangu zilikuwa kubwa, nikawa natia karatasi mbele, na soli zilikuwa zimelika upande mmoja kwa mwendo wa mtu nisiyemjua. Ndivyo nilivyotegua kifundo cha mguu wangu wa kulia. Sasa, sisi watu wa huku juu, baridi imetuaminisha kwamba kila ugonjwa unatibiwa kwa moto. Bibi yako, Mungu amrehemu, akabandika maji jikoni, akatia chumvi, akanikanda na kuuvuta ule mguu huku jirani amenishika mabega. "Damu imeganda, tuiyeyushe," alisema. Nililia mpaka kuku wakakimbia uani. Asubuhi uvimbe ulikuwa umepanda hadi nusu ya muundi, na jambo ambalo lingepona kwa wiki chache likanichukulia msimu mzima. Baridi ya Juni ikiingia bado kifundo hicho kinanisalimia.

Basi na hilo lichukue. Kiungo kikiteguka, siku hiyo ni maji baridi, kukifunga kwa kitambaa, kuuweka mguu juu ya mto, na kutulia. Asikuchue mtu, hata akiwa mama yako mzazi. Ukisikia kitu kimekatika, au mguu haukanyagiki kabisa, nenda hospitali kabla ya kwenda kwa mtu yeyote anayesifiwa mikono. Raba iliyolika upande usiivae, ni afadhali ucheze pekupeku. Asubuhi ya baridi usiruke kabla hujakimbia ukatoa jasho, maana msuli wa baridi unachanika. Lakini naona nazungukazunguka, kwa sababu habari za miguu ni nyepesi kuzisema. Mguu unavimba, kila mtu anauona, hata adui yako atakuonea huruma. Kichwa hakioneshi kitu. Unapita nacho mbele za watu, umechana nywele vizuri, na ndani kunaharibika.

Mwaka ule wafanyabiashara waliandaa mashindano. Mzee mmoja mfugaji, katika wale Wasukuma waliohamia kule bondeni na mifugo yao, akasema wanaume wapewe mbuzi na wanawake wapewe ng'ombe. Watu walicheka, yeye hakucheka. "Hawa ndio wanaoruka," alisema. Dume jekundu likafungwa pembeni ya uwanja ili tulione tukicheza. Nyumbani wakati huo ilikuwa ugali kwa maharage, na siku nyingine ugali kwa maji ya maharage. Sikuwa peke yangu. Timu nzima tulikuwa tunamtazama yule ng'ombe kuliko tulivyokuwa tunautazama mpira.

Ndipo nikatunga sheria. Niliitunga mimi, haikutungwa na kamati. Mechi zilizotangulia wasichana walikuwa wanatoka nje, huyu tumbo, huyu kiuno, huyu amechoka, halafu zawadi ikija ndio wako mbele na sufuria. Nikawakusanya nikawaambia, "Anayetoka kabla ya kipenga cha mwisho hana fungu." Wakapiga vigelegele, na Skola alipiga kuwashinda wote. Tuliona ni haki. Sheria ya haki inapendeza masikioni, hasa ukiwa na njaa.

Siku ya fainali robo ya kwanza haijaisha, Skola na senta wa timu ya pili wakaurukia mpira mmoja. Vichwa viligongana. Nilisikia ule mlio, na bado nausikia. Yule mwenzake akakaa chini analia, wakubwa wake wakaja wakamtoa, wakamfunga kanga kichwani, hakurudi tena. Sisi tukawazomea. Wetu alikuwa amelala macho wazi. Tukammwagia maji. Nikamuuliza jina lake, akalisema. Nikamuuliza, "Tuko wapi hapa?" Akautazama uwanja, akaitazama milima ya Mbizi, akasema, "Kipili."

Kwao ni Kipili, kule ziwani. Jamani, tulicheka! Mimi nilicheka mpaka nikashika magoti. "Skola ameshafika kwao hata basi halijaja!" Naye akacheka, kwa sababu alituona sisi tunacheka. Tukamwinua, tukampangusa matope, mechi ikaendelea. Akawa anawarushia mpira wapinzani, tukamfokea. Wakati wa mapumziko akatapika. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, akanifuata. "Kapteni, huyu mwenzako simwelewi. Unamtoa?"

Nikamgeukia. "Skola, unatoka?"

Akamtazama yule ng'ombe. "Na fungu la watoto?"

"Basi cheza," nikamwambia.

Nimeyafikiria maneno hayo mawili nikipepeta mchele, nikiwa kanisani, nikikusuka nywele. Kuitunga ile sheria lilikuwa kosa, lakini kosa lililomuua ni hili: nilikiuliza kichwa kilichogongwa kama ni kizima. Kingenijibu nini? Mguu ukivunjika, kichwa ndicho kinachotoa habari. Kichwa kikiumia, hakuna wa kutoa habari. Mtu anasema "niko sawa" kwa mdomo ule ule uliosema Kipili, na wewe unamsadiki kwa kuwa ndivyo unavyotaka.

Robo ya mwisho aligusana bega na mtu. Lilikuwa jambo dogo, la kila mechi. Akatembea kidogo ameinama kama anayetafuta sindano chini, kisha akalala. Hakuamka pale uwanjani, wala ndani ya pikapu ya mfanyabiashara mmoja tuliyemwomba, wala hospitali. Daktari aliniuliza, alitapika? Alisahau? Alisinzia? Nikawa naitikia, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akaniambia kwamba kichwa kilichogongwa hata kidogo kinataka kupumzishwa mpaka kipone kabisa, na kwamba kikigongwa tena kabla hakijapona, pigo dogo linatosha. Hakunigombeza. Natamani angenigombeza, Gaude, ningekuwa na mtu wa kumkasirikia.

Ng'ombe alikuwa wetu. Tulikuwa tunaongoza, na wapinzani hawakutaka kuendelea. Akachinjwa kesho yake, kwa sababu hakuna aliyejua la kumfanya zaidi ya hilo. Tulipokuwa tunagawa, mmoja wetu, simtaji, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Skola alitoka kabla ya kipenga." Nilimpiga kofi la uso. Naye, maskini, alikuwa anarudia sheria yangu tu.

Nikajitwika paja zima la nyuma nikalipeleka msibani. Mama yake Skola alikuwa amefika kutoka Kipili. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akanishukuru. Akanishukuru mimi! Watu walikuwa wengi na kitoweo hakikuwepo, wakalikata wakalipika. Waombolezaji wakala. Mimi nami nilikuwa na njaa, nikala. Wewe ulikuwa umeniegemea ubavuni, nikakumegea. Nyama ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililonifanya nisiguse nyama ya ng'ombe mpaka leo. Unaponiuliza kwa nini Krismasi nakula maharage, jibu ndilo hilo.

Baada ya matanga watu wakaanza maneno. Eti Skola ametupiwa kitu. Eti wapinzani walifukia dawa chini ya nguzo ya goli. Mji wetu huu unavyojulikana kwa maneno hayo, hayakuchukua muda kuenea. Nikanyamaza. Yalinifaa, maana mchawi akipatikana, kapteni hana kosa. Mama mmoja wa timu ile akawa hasalimiwi sokoni, watoto wake wakitengwa bombani, mwishowe wakahama. Nilipokuja kupata moyo wa kusema kwamba hapakuwa na mchawi, ila palikuwa na mimi na sheria yangu, hakuna aliyetaka kunisikia. Shirika nalo likanipunguza muda si mrefu, na sikulia.

Sasa wewe. Juzi nilianza kukusimulia haya, ukanikata: "Mama, mambo ya Skola ni ya zamani. Mimi si Skola." Ni kweli, wewe si Skola. Wewe ni mrefu, una maringo, na unacheza vizuri kuliko sisi sote tulivyocheza. Lakini fuvu ni lile lile tulilopewa wote. Nikakutazama ukipanga jezi kwenye begi, ukaitoa, ukaipanga upya kwa kuwa umesahau kwamba umeshaipanga. Nikafungua mdomo nikuulize, "Gaude, kweli unaweza kucheza?" Nikaufunga. Swali hilo nimeshawahi kumuuliza mtu.

Jana nilipokuambia nakwenda sokoni, sikwenda sokoni. Nilikwenda posta, nikapanga foleni ya simu, nikampata mwalimu wa ile timu ya Mbeya. Nikamwambia yote, dirisha, chumvi, tiketi, dagaa.

"Mama," akasema, "Jumamosi namchukua mchezaji mmoja tu. Siwezi kumshikia nafasi mtu ambaye hachezi."

"Najua."

"Una hakika na unachokifanya? Binti anajua?"

"Hajui," nikasema. "Nafasi mpe mwingine."

Umesoma sawasawa. Usirudie mstari.

Sikukuambia hapa kwa sababu nakujua. Ungepiga kelele, ungenuna, halafu ungedandia lori la mahindi ukaenda kumwangukia mwalimu miguuni, na wewe ukimwangukia mtu unakubaliwa. Kukuzuia nyumbani nako kusingekusaidia, zahanati yetu imeshaamua una malaria. Kwa hiyo nimekuacha upande basi ukiwa na furaha, nikakupungia mkono stendi kama mama wa kawaida. Naandika hivi kana kwamba kumeshakucha, lakini nitafanya hivyo hivyo. Nimemwomba kondakta akupe kiti cha mbele, nyuma kunarusha. Shangazi yako nimempigia pia. Atakupokea Mbeya, utalala, na kesho yake anakupeleka hospitali kubwa. Daktari mwambie kila kitu. Ukisema ni homa, shangazi yako ana habari zote na ana mdomo kuliko mimi.

Jumamosi hakuna uwanja, mwanangu. Kuna msichana mwingine atakayechezea nafasi yako, sijui jina lake, na nadhani mama yake atapiga vigelegele.

Inawezekana daktari akakuambia huna kitu. Ni uchovu tu, au kweli ni dagaa. Hapo nitakuwa nimekuvunjia maisha bure, na utakuwa na haki ya kuwasimulia watu kwamba mama yako alikuharibia mlango uliokuwa wazi. Nimelifikiria hilo pale posta, nimelifikiria njiani. Sitakuomba radhi, maana naweza kulifanya tena kesho.

Nichukie, Gaude. Nichukie miaka mingi, mpaka uzeeke.

Mama